Kidude cha Taa Tatu

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Naandika kwa sababu nimetukanwa. Si kwa maneno mabaya, binti yangu mkubwa hana maneno mabaya, kalelewa na mama yake. Kanitukana kwa upole. Jana kaja kutusalimia, kanikuta nahangaika kuwasha pikipiki, kasema, "Baba, hii nimekununulia mpya, ya injekta, si kama yale makopo yako ya kabureta. Kwa nini inasumbua? Dukani kwa Miwani kuna kidude cha umeme cha kurekebisha mafuta. Unakifunga, kazi imekwisha."

Nikamwambia hakijazaliwa kidude cha kunirekebishia mafuta mimi. Miaka arobaini na mbili natengeneza pikipiki katika uwanja huu huu. Watu wananiita Fundi Sikio, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Pikipiki ikipita barabarani, mimi nimeinama natafuta nati kwenye vumbi, nasema: hiyo valvu imebana. Wakiifungua, imebana.

Akasema, "Basi andika. Andika kila siku ilivyokwenda. Ikizima na mama mlimani mara tatu kabla mvua hazijaisha, unanunua kidude. Isipofika tatu, sisemi tena."

Nikamwambia sawa. Akaniachia daftari lenye picha ya ua kwenye jalada. Ua! Mimi!

Mama yake ana kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kila Alhamisi lazima avuke mlima kwenda zahanati kubadilishwa dawa na bandeji. Muuguzi kasema asikose hata wiki moja, na asiutembelee mguu. Magari hayapandi ule mlima wakati wa mvua. Kwa hiyo ni mimi, yeye na pikipiki.

Ukurasa mzima nimeujaza. Vidole vyangu vimezoea spana, kalamu inaviuma.


Jumanne, 5

Imewaka mara ya kwanza. Andika hivyo.


Jumatano, 6

Imewaka mara ya nne. Baridi.


Alhamisi, 7

Tumevuka. Mke wangu siku hizi akipanda nyuma anajifunga kitambaa kizito masikioni. Nikamuuliza kama anaona baridi, akajibu kitu. Sijui kwa nini watu wa siku hizi wanaongelea ndani ya nguo.

Kwenye kona ya machimbo ya mawe pikipiki ilikohoa, ikatetemeka, kisha ikapanda. Kukohoa si kuzima. Ningeandika imezima kama ingezima.


Jumamosi, 9

Nimekwenda dukani kwa Miwani, kwa miguu. Si kununua. Kwenda kumwona adui uso kwa uso.

Miwani ni muuza vipuri, kijana wa miaka thelathini hivi, anavaa miwani minene kama vitako vya glasi, duka lake limepangwa kama kabati la bibi harusi. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamwambia anionyeshe hicho kidude kinachowatia watu uvivu.

Akakitoa. Kiberiti tu! Kiberiti cheusi chenye nyaya nne na taa tatu, kijani, njano na nyekundu. "Ukibonyeza hapa mafuta yanaongezeka, hapa yanapungua. Taa zinakuonyesha umefika wapi."

"Na sikio unaliweka wapi wakati huo?"

"Kwenye simu, mzee."

Wateja wakacheka. Nikamwacha, ni haki yake, lilikuwa jibu zuri.

Halafu akaniuliza, "Bomba la moshi ni lile lile lililokuja nayo? Maana hiki wananunua waliobadili bomba. Kompyuta ya pikipiki inapima mafuta kwa bomba ililozaliwa nalo. Ukilifungua, hewa inakuwa nyingi, mafuta yanabaki yale yale, injini inakauka na kuchemka. Mwisho pistoni inaganda. Wewe umelibadili?"

"Sijabadili chochote."

"Basi hukihitaji, mzee wangu. Usitupe hela yako."

Nilitegemea anibembeleze. Hakunibembeleza. Kijana mjanja sana huyu, anajifanya mwaminifu ili nirudi.

Kuhusu bomba. Sikulibadili. Nilikata tu ule mrija wa ndani ya sailensa mwezi wa kwanza, kwa msumeno, ili injini ipumue. Hizi pikipiki mpya zimezibwa pua, huwezi kujua inafanya kazi au imelala. Sasa inanguruma kama mwanamume. Kukata si kubadili.


Jumapili, 10

Mvua.


Jumanne, 12

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mshona viatu, na kibanda chake kimeegemea ukuta wangu. Leo nimewasha pikipiki akapiga kelele, "Shemeji! Ukiwasha hilo dubwana misumari inanirukia mdomoni!"

"Meza, mwili wako unahitaji chuma."

"Na wewe meza sabuni, useme kwa adabu!"

Ule mrija niliokata nilimpa yeye. Anaugeuza, anagongea visigino juu yake, anasema hajawahi kupata kifaa kizuri kama hicho. Unaona? Hata taka zangu zina faida kwa watu.


Alhamisi, 14

Imezima, kona ya machimbo. Baada ya kupumzika ikawaka. Mafuta yalikuwa machafu, muuza mafuta anachanganya na maji. Naandika moja, lakini kwa penseli.


Ijumaa, 15

Nimemwaga mafuta yote, nimeosha tangi, nimebadilisha chujio.


Jumamosi, 16

Mafuta hayakuwa na maji. Lakini yangeweza kuwa nayo.


Jumanne, 19

Nimefungua plagi. Kila mtu aliyepita mikononi mwangu kujifunza kazi nimemfundisha jambo hili: injini inaweza kukudanganya, mwenye injini ndiyo kabisa, plagi hapana. Ikiwa nyeusi, mafuta mengi. Ikiwa na rangi ya biskuti, ndiyo penyewe. Ikiwa nyeupe, mafuta kidogo, injini inaungua.

Nyeupe. Nyeupe kama jivu la mkaa.

Nimeipiga brashi nikairudisha.


Alhamisi, 21

Mbili. Mahali pale pale, na mvua juu yetu. Mke wangu alishuka akasimama kwenye jiwe, mguu mmoja ameuinua kama korongo. Nilipowasha tena akaniambia karibu na uso, "Baba Watoto, hii inagonga."

Nikamwambia asiniambie habari za injini. Nikamwambia nimezijua injini kabla hajanijua mimi, yeye ajue masufuria.

Akapanda nyuma, hakusema tena mpaka nyumbani. Hata chai aliiweka mezani bila kusema "chai hiyo". Sikupenda.


Jumamosi, 23

Ushindi! Naandika kwa herufi kubwa kama zinavyonitoka.

Binti yangu kamtuma Miwani uwanjani. Kaja na mkoba wake na kile kidude ndani. Nikawasha pikipiki. Akaziba masikio, akaizunguka, akainama nyuma. "Mzee, hili bomba limekatwa ndani."

"Kutu imelila."

"Kutu? Pikipiki ya mwaka jana?" Akainua kichwa. "Halafu sikiliza, inagonga. Tik-tik-tik. Huisikii?"

"Haigongi."

Shemeji kule kibandani akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

"Tusibishane," nikasema. "Tuulize plagi."

Nikainama, mgongo wangu kwake, nikaifungua. Nikampa. Rangi ya biskuti, safi, ya kupendeza. Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaitazama plagi mpaka nikamwonea huruma. "Basi iko sawa," akasema. "Samahani, mzee wangu. Labda masikio yangu." Akaondoka na mkoba wake.

Masikio yake!

Plagi ile niliitoa mfukoni. Ni ya pikipiki ya muuza maziwa, niliibadilisha juzi. Sikutaka kuliandika hili, lakini nimeahidi kuandika kila kitu, na mtu akisoma ajue kwamba kwa mikono bado hakuna wa kunishika.


Jumatatu, 25

Mvua. Wateja wawili. Mmoja nilimwambia ana tatizo la mnyororo, ilikuwa beringi. Giza la mawingu.


Ijumaa, 29

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote, hata yale ambayo mkono unakataa.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, udongo umelainika kama grisi. Tulipita daraja tukaanza kupanda kwa gia ya pili. Nilichosikia ni mngurumo, mpana, mzuri, nikasema leo tunapita. Mke wangu akaanza kunipiga-piga mgongoni. Nikadhani anaogopa utelezi. Nikaongeza moto. Akanipiga kwa ngumi. Nikaongeza tena, ili nimwonyeshe. Kabla ya kona ya machimbo gurudumu la nyuma likakamatika, kama mtu kalishika kwa mikono miwili. Tukaserereka, tukalala chini wote watatu.

Pistoni ilikuwa imeganda. Vile vile alivyosema Miwani, neno kwa neno.

Mke wangu alisimama kabla yangu. Mguu wa kidonda ulikuwa umeingia kwenye mfereji, bandeji imekuwa tope. Nikataka kumbeba. Akasema, "Wewe? Utambeba nani, jibebe kwanza." Tukaiegesha pikipiki kwenye mwamba, tukapanda kwa miguu. Saa nzima. Akisimama, nasimama. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Muuguzi alifungua bandeji akauliza, "Nani amemleta mgonjwa hivi?"

Nikasema, "Mimi."

Akasema maneno mengine ambayo sikuyasikia, lakini uso wake niliusoma vizuri. Wiki tatu za kupona zimepotea. Kidonda kinaanza upya.

Tuliporudi injini ilikuwa imepoa, ikaachia, tukateremka taratibu bila kuiwasha. Nyumbani aliketi jikoni, mguu juu ya gunia la mkaa, akaniita nikae karibu. Nilipokaa akaniambia nihamie upande wa pili, upande wa sikio la kulia. Alijua hata ni sikio gani.

"Mwezi mzima inagonga," akasema. "Kama mtu anatikisa kokoto ndani ya sufuria. Masufuria si ndiyo uliniambia niyajue? Nayajua. Nilikwambia, ukanitukana. Nikasema atasikia mwenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba husikii."

"Nani kakwambia sisikii?"

"Lini umecheka utani wa kaka yangu kwa wakati wake? Unacheka watu wakishamaliza. Unawatazama kwanza, ndipo unacheka."

Nikachokonoa grisi chini ya ukucha.

"Na bomba ulilikata ili uisikie," akasema. "Mtaa mzima unajua. Hakuna anayesema kwa sababu wanakuheshimu."

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa kwanza niliiwasha ile pikipiki mpya asubuhi moja, nikasimama juu yake, nikangoja iwake. Ilikuwa imeshawaka. Niliweka mkono kwenye tangi ndipo nikajua. Siku ile ile nilichukua msumeno.

Tatu. Nimeandika tatu, na moja ile ya penseli nimeipitishia kalamu.


Jumamosi, 30

Sijafungua kazi. Shemeji kapita, kasema kitu, nikacheka. Kasema, "Nimekuuliza kama umekula, unacheka nini?"


Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa nne

Nimekwenda kwa Miwani, safari hii na pikipiki, nikiisukuma. Nikamweleza bomba. Nikamweleza plagi. Alisikiliza amekunja mikono, halafu akasema, "Mzee, ile plagi ilininyima usingizi siku mbili. Nilianza kusoma kitabu cha injini upya."

"Umepata faida basi."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Huyu si mwizi. Nilikosea kumwita mwizi, ingawa sidhani kama niliandika mwizi, niliandika mjanja.

Akaleta kidude, akakiunga, akawasha. Taa nyekundu. Akabonyeza, ikawa njano, akabonyeza tena, kijani. Nikaweka mkono kwenye injini. Kweli, ule mtetemo mkavu ukaondoka. Sitasema uongo, ni kidude kizuri. Na kingenifaa kuliko mtu yeyote anayeingia duka lile, maana taa unaiona kwa macho, haihitaji sikio. Bomba lingebaki wazi, mngurumo ungebaki, na mimi ningebaki Fundi Sikio mpaka kaburini.

Nilikishika muda mrefu. Miwani hakunibembeleza hata leo.

"Nikirudisha mrija wa ndani, nitakihitaji?" nikamuuliza.

"Hapana. Itarudi kama ilivyozaliwa."

"Basi kifungue. Kosa nililolifanya kwa msumeno wangu silinunulii dawa ya dukani. Nitalitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe."

"Lakini mzee," akasema, na hili alilisema kwa sauti ya juu, upande wa kulia, kumbe naye anajua, "itakuwa kimya sana."

"Najua kimya ni nini. Fungua."


Jumanne, 2

Nimekwenda kudai mrija kwa shemeji.

"Zawadi inadaiwa?" akasema. Kisigino cha mtu kilikuwa juu yake.

"Nilikuazima."

"Ulisema chukua, utakufaa kuliko akili zako. Nayakumbuka maneno."

"Shemeji, ni kwa ajili ya mguu wa dada yako."

Akakitoa kisigino. Akaupangusa mrija kwa aproni yake, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Halafu akanishika sikio, lile la kushoto, akapiga kelele ndani yake, "Na wewe ukome kucheka mimi sijatania!"

Hiyo niliisikia. Tukacheka pamoja, kwa wakati mmoja.

Nimechomelea mwenyewe. Mshono umenyooka kama wa cherehani. Mlete fundi yeyote autazame.


Jumatano, 3

Nimeiwasha. Sikusikia kitu. Niliweka mkono kwenye tangi nikakaa nayo hivyo, kama unavyomshika ng'ombe usiyemzoea. Shemeji katoa kichwa kibandani, kauliza kwa mikono kama nimeshawasha. Nikamwonyesha moshi.

Nyuma yangu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja. Hana kitambaa masikioni.

"Inasemaje?" nikamuuliza. Miaka arobaini na mbili ya ufundi, sijawahi kumuuliza.

Akafikiri. "Kama mtu anasaga mahindi laini."

"Haina kokoto?"

"Haina."


Alhamisi, 4

Kabla ya kupanda nilimwambia, "Ikianza kulemewa, nigonge bega la kulia. Ikigonga, bega la kushoto. Usingoje."

"Na nikikugonga utasikia?"

"Si kwa masikio."

Kwenye daraja hakuna kitu. Mwanzo wa mlima, bega la kulia. Nikashusha gia. Gurudumu likauma udongo. Mvua ilikuwa ikinyesha usoni mwangu na mimi sisikii injini, sisikii mvua, nasikia kidole kimoja tu kupitia koti. Kona ya machimbo, bega la kulia tena, haraka haraka. Gia ya kwanza. Nilikaza mikono. Tope liliruka mpaka kwenye kofia. Nilingoja bega la kushoto. Bega la kushoto halikuja.

Juu kabisa pana tambarare ndogo ambapo watu hupumzika. Sikupumzika. Nilipita mbele ya wenye magari waliotoka upande wa zahanati wakakwama pale, mgongo umenyooka. Yeye aliacha mkono begani, hakugonga, aliuweka tu. Ulikaa hapo mpaka zahanati.


Jumatatu, 8

Mteja kaleta pikipiki inayolia. Mke wangu amekaa uwanjani kwenye kiti, mguu juu ya ndoo. Nikamwambia mteja aizungushe uwanjani. Mama Watoto akasema, "Inalia kama mlango wenye kutu, lakini ukiharakisha inaacha." Nikasema, "Mnyororo, na umelegea." Ulikuwa mnyororo. Mteja hakujua amlipe nani. Nikamwambia alipe kule kwenye ndoo.


Alhamisi, 11. Imepanda.

Alhamisi, 18. Imepanda. Muuguzi kasema kidonda kinafunga.

Alhamisi, 25. Imepanda, na jua limetoka.


Jumapili, 28

Mvua zimekwisha. Binti yangu kaja, kasoma daftari lote jikoni huku mimi najifanya natengeneza taa. Alipofika kwenye ile Ijumaa alisimama, akaenda nje kidogo, akarudi na macho mekundu. Sikumuuliza.

"Baba," akasema, upande wa kulia, "umeandika tatu. Kwa kalamu."

"Nimeandika."

"Makubaliano yalikuwaje?"

"Nikifika tatu, ninunue."

"Kidude kiko wapi?"

"Dukani kwa Miwani, kwenye rafu ya pili, na kitakaa hapo mpaka kiote ndevu. Sikununua na sinunui. Nishtaki."

Akaleta habari ya kunipeleka kupimwa masikio. Nimemwambia nitafikiria, na mtu asiniharakishe, mimi si pikipiki. Akauliza, "Na sasa unajuaje injini inavyokwenda?"

Nimemjibu kwa mdomo, lakini naliandika na hapa, kwa sababu daftari hili nilipewa kama ushahidi dhidi yangu na nataka limalizike kwa ushahidi wangu. Kipimo ninacho. Kinakaa kiti cha nyuma, hakina waya wala taa hata moja, na kikinuna hakisemi "chai hiyo". Kikinigonga bega la kulia nabadili gia. La kushoto, nasimama. Kikinigonga kichwani, ujue nimejisifu.

Leo kimenigonga mara mbili kichwani nikiwa naandika ukurasa huu. Nenda kwa Miwani ukaniulizie kama anacho cha namna hiyo.